Aliyezunguka Lango

Segawa Norihiko alifika mbele ya lango, akasita kidogo, akakata kushoto.

Inspekta Kusunoki Fumie aliliona jambo hilo lakini hakulitilia maanani. Watu wazima wengi walikuwa wakikata kushoto pale. Mbele yao torii, lango la Kishinto la Hekalu la Mikusa, lilisimama na nguzo zake mbili nene, na nyuma yake ngazi za mawe zilipanda katikati ya mierezi mpaka macho yanachoka kuzifuata. Kushoto kulikuwa na njia ya malori yanayoleta pombe ya sake na mchele wa sadaka. Ilikuwa ya kokoto na inazunguka mbali, ila haikuwa na ngazi hata moja.

"Goti," alisema Segawa kabla hajaulizwa. "Linanisumbua. Hata jana nilipita huku huku."

"Na mkeo?"

"Yeye anapenda ngazi. Alipita langoni akatangulia. Tukakutana juu, penye birika la kunawia."

Kusunoki akamfuata kwenye kokoto. Kamera ya duka la askrimu lililokuwa ng'ambo ya barabara ilikubaliana na maneno hayo, kwa kiasi chake. Ilimwonesha Segawa jana alasiri akipanda njia ya malori peke yake, mkoba mgongoni, kofia mkononi. Ngazi zenyewe kamera haikuzifikia, kwa hiyo Chizuru, mke wa mtu huyu, angeweza kuwa kwenye ngazi, au asiwepo kabisa.

Bwana na bibi Segawa walikuwa watu wa Kawagoe. Mume alikuwa mkaguzi wa lifti, na maisha yake yote ya kazi aliyatumia kusikiliza nyaya za majengo ya watu. Alipostaafu wakaanza safari waliyoiahirisha tangu binti yao azaliwe: Kanazawa, Kyoto, Nara, Osaka, halafu huku kusini kwenye milima ya Kumano, kuyatembelea mahekalu ya zamani kwa miguu. Jana asubuhi walianzia kijiji cha Hosodani, wakafuata njia ya mahujaji juu ya milima. Jana alasiri Segawa aliingia ofisi ya Hekalu la Mikusa, akainama, akasema kwa adabu zote kwamba mkewe ametoweka kwenye umati.

Umati ulikuwepo kweli. Jana ilikuwa siku ya watoto kuombewa, na uwanja ulijaa vibinti vya miaka mitatu na saba waliovishwa kimono mpaka wakashindwa kutembea. Dereva mmoja wa basi akasema alimpakia mwanamke mwenye kofia ya rangi ya haradali, kama ile ya Chizuru, akielekea stesheni. Kamanda wa wilaya, mtu ambaye hajawahi kupotelewa na kitu kikubwa kuliko mwavuli, akaamua hapo hapo: mke kamkimbia mumewe. Usiku kucha polisi walipiga simu kwenye hoteli za miji mitatu. Zimamoto wa kujitolea wa bondeni, ambao ndio peke yao wanaoijua milima ile, waliachwa wachokonoe kingo za mto chini ya hekalu.

Kusunoki hakuwa na amani. Usiku ulikuwa wa baridi kali. Utabiri ulisema mvua itaanza adhuhuri, na mvua ya mwezi wa Novemba ikishuka Kumano, wingu hukalia milima na hakuna anayeruhusiwa kupanda. Kama Chizuru alikuwa hotelini amejifungia, vizuri. Kama alikuwa nje mahali fulani, basi asubuhi hii ndiyo ilikuwa asubuhi yake ya mwisho.

Juu, njia ya malori iliungana na uwanja. Hapo palikuwa na torii la pili, dogo, limesimama kwenye ardhi tambarare kama meza. Hapakuwa na ngazi wala mteremko. Kusunoki alipita chini yake kama alivyopita maisha yake yote, ukingoni, baada ya kuinamisha kichwa. Aligeuka kumwambia Segawa kitu, akamkuta hayupo nyuma yake.

Segawa alikuwa anaizunguka nguzo. Upande ule kulikuwa na ukoka mzito uliolowa maji, na kiatu chake cha kushoto kikazama mpaka kwenye kamba.

"Umekanyaga maji, Bwana Segawa."

"Aa. Sikuona."

Kusunoki akakitazama kiatu, akaitazama nguzo. Akampeleka kwenye birika.

"Hebu nioneshe ilivyokuwa."

"Alisimama hapo ulipo wewe. Alichukua kata, akanawa mkono wa kushoto, akanawa wa kulia, akasukutua. Mimi nikageuka kuwatazama watoto. Kulikuwa na mmoja analia, amevuliwa kiatu. Nilipogeuka tena, Chizuru hayupo."

"Na wewe ulinawa?"

"Sikumbuki."

Kusunoki alichota maji, akanawa, kisha akamkabidhi kata. Segawa aliingiza mikono yote miwili mifukoni.

"Maji ni ya baridi," alisema.

Sajini Tamaki alitokea kwenye ngazi akihema. Alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenye tabia ya kutafuna kila alipokuwa na wasiwasi, na sasa mkononi alikuwa na kipande cha mochi, keki ya mchele, kilichoungua pembeni.

"Afande, yule mama wa kofia ya haradali kapatikana."

Kusunoki hakumtazama Tamaki, alimtazama mume. Uso wa Segawa uligeuka mweupe, midomo ikabana, na mguu wenye kiatu kilicholowa ukarudi nyuma nusu hatua. Hakuuliza kama ni mzima.

"Yuko wapi?" ndilo aliloweza kusema.

"Nagoya. Ila si mkeo, pole sana. Ni mwalimu wa muziki, ana kofia kama hiyo, na amekasirika. Kaniambia katika simu, 'Sajini, toka lini kofia imekuwa kosa la jinai?' Nikamwomba radhi mpaka kiuno kikauma."

Segawa akashusha pumzi ndefu. Kusunoki alishawaona watu wengi waliopotelewa, wakivunjika moyo kwa habari kama hiyo, wakilia, wakimtukana askari. Hajawahi kumwona aliyepumua namna ile.

"Kaa kwenye benchi, Bwana Segawa. Tutakuita."

Wakasogea nyuma ya ghala la taa za karatasi. Tamaki alitoa simu yake, ambamo jana usiku alinakili picha zote za safari kwa ridhaa ya mume.

"Nioneshe Kyoto," alisema Kusunoki.

Tamaki akatelezesha kidole. Ulikuwa ule mlima wa malango mekundu, yamepangwa mamia kwa mamia mpaka kileleni. Segawa chini ya lango la kwanza, wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Segawa nusu ya mlima. Segawa kileleni, Chizuru kando yake na kofia yake ya haradali, anacheka. Nara: paa anakula ramani ya Chizuru. Osaka: mnara, sahani ya mipira ya unga na pweza, Chizuru kaungua ulimi.

"Goti lilikuwa zima Kyoto," alisema Kusunoki. "Ule mlima unamtoa mtu roho."

"Labda ndio uliomharibu."

"Kaharibika goti, halafu jana akatembea milima yote kutoka Hosodani mpaka hapa? Nioneshe ya mwisho."

Ya mwisho ilikuwa ya jana asubuhi. Hekalu dogo la Hosodani, mwanzo wa njia. Mume na mke wamejipiga wenyewe, chini ya torii kabisa, mkono wa Segawa umeshika nguzo.

"Jana asubuhi kapita," Kusunoki akasema polepole. "Jana alasiri kazunguka. Leo kazunguka mara mbili, na hili la pili halina ngazi, kalowesha kiatu. Hakunawa. Umemwona akiinama mbele ya hekalu?"

"Hajainama. Nilidhani kachanganyikiwa."

"Alfajiri nilimkuta kule alikolala, kwenye nyumba ya watawa wa Budha. Lile lango lao kubwa alipita katikati, tena akawasha ubani. Si mtu wa kuogopa malango, Tamaki. Anaogopa torii." Akamgeukia. "Mama yako alipofariki ulipita chini ya torii?"

"Nipite vipi na msiba? Mfiwa haingii kwa miungu na unajisi wa kifo. Nilikosa hata Mwaka Mpya. Nilikaa nje na mbwa, wenzangu wako ndani wanakunywa..."

Tamaki aliacha kutafuna.

"Usiseme neno bado," alisema Kusunoki. "Pengine kafiwa na mtu mwingine. Nipe namba ya binti."

Honoka alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. Nyuma ya sauti yake treni ilikuwa inanguruma.

"Inspekta, mmempata mama?"

"Bado, binti. Umefika wapi?"

"Nimepita Nagoya. Nitafika mchana. Niambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba bado tunatafuta. Nina swali, utaliona la ajabu. Kwenu kuna msiba wowote mwaka huu? Upande wa baba au wa mama?"

"Msiba? Hapana. Babu mwenyewe yupo, ana miaka tisini na anagombana na televisheni. Wote wapo. Kwa nini?"

"Baba yako ni mtu wa kushika miiko?"

Honoka akacheka, kicheko cha mtu aliyelia usiku kucha.

"Baba? Bibi alipofariki mimi nilikuwa na mtihani wa kuingia chuo. Wenzangu wote wameenda hekaluni kuomba. Baba akasema hakuna kupita chini ya torii mpaka siku hamsini zitimie. Nikamwambia, baba, nitafeli. Akasema, basi feli kwa heshima." Akavuta kamasi. "Mama ndiye aliyenipeleka kwa siri. Tukapita vichakani, tukaombea nje ya ukuta. Inspekta, baba ni mtu mnyoofu. Najua polisi huwa mnamwangalia mume kwanza, lakini yeye hata taa nyekundu havuki usiku kukiwa hakuna gari. Tafadhali, mwambie ale. Akiwa na hofu huwa hali."

"Nitamwambia," alisema Kusunoki, na akaona aibu kwa jinsi sauti yake ilivyotoka kavu.

Alipokata simu, Tamaki alikuwa anamtazama.

"Kwao hajafa mtu," alisema Kusunoki.

"Basi analia msiba wa nani?"

"Wa mtu ambaye sisi wote tunamtafuta akiwa hai."

Tamaki alikitupa kipande cha mochi kwenye pipa. Uwanjani wahudumu wa hekalu walikuwa wanafagia karatasi za pipi zilizoachwa na watoto wa jana, na Segawa alikaa kwenye benchi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Ukimtazama ungesema anasubiri daktari wa meno.

"Tumkamate," alisema Tamaki.

"Kwa kosa gani? Kukwepa lango? Kamanda atatucheka mpaka tustaafu. Sikiliza. Kati ya Hosodani na hapa, njia inapita kwenye torii lingine?"

"Moja tu. Nezu, katikati ya mlima. Njia yenyewe inapita chini yake, huku ukingo mkali wa mlima, huku korongo."

"Asiyetaka kupita afanyeje?"

"Apande ukingo, ashike kangaga na mizizi. Hakuna mwenye akili atakayefanya hivyo."

"Wachukue zimamoto wote, waache mto. Nenda Nezu. Kama kuna mtu kaparamia ukingo, alama za viatu zipo, haijanyesha bado. Ukizikuta, basi yaliyotokea yametokea kabla ya Nezu, upande wa Hosodani. Usipozikuta, tafuteni upande huu. Kila nusu inatosha kazi ya asubuhi. Zote mbili haziwezekani, wingu litawahi."

"Na Kamanda? Mto ni amri yake."

"Nitamwambia ukiwa umeshafika."

"Afande, kama umekosea, na yule mama yuko mtoni..."

"Najua nilichosema, Tamaki. Nenda."

Tamaki alikwenda mbio. Kwa unene wake, na zile ngazi, haikuwa jambo dogo. Kusunoki aliingiza mikono yake mifukoni, kama Segawa alivyoingiza yake.

Chini, mkabala na torii kubwa, palikuwa na duka la chai lenye ukumbi wazi. Kusunoki alimkalisha Segawa pale ambapo lango lilijaa machoni mwake. Mwenye duka alileta chai na maandazi ya maharage, akaondoka kimya.

"Binti yako kasema ule."

"Umezungumza na Honoka?"

"Yuko kwenye treni. Kanisimulia habari ya mtihani wake."

Segawa alikishika kikombe bila kukinyanyua. "Alifaulu," alisema. "Sikujua kwamba waliomba. Chizuru alikuja kuniambia baada ya miaka."

"Mlikula wapi jana?"

"Njiani."

"Kabla ya Nezu au baada?"

"Sikumbuki majina ya mahali."

"Mkaguzi wa lifti hakumbuki? Nyinyi si ndio mnaokumbuka kila skrubu?"

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye bati la duka, peke yake, kisha kukawa kimya tena. Juu ya mierezi wingu lilikuwa limeshaufunika mlima nusu.

Simu ikaita. Kusunoki akapokea pale pale mezani.

"Afande, niko Nezu," alihema Tamaki. "Zipo. Kiatu kimoja cha kiume kimeparamia ukingo, kimeng'oa kangaga, kimetokea upande wa pili. Na mtu mmoja tu. Tunaelekea Hosodani, lakini mkuu wa zimamoto anasema ukungu umeshaanza. Anatupa nusu saa, zaidi ya hapo anawateremsha watu wake. Korongo ni refu, afande. Hatuwezi kulipekua lote."

"Baki kwenye simu," alisema Kusunoki. Akaiweka simu mezani, uso juu.

Kisha akasimama, akamnyooshea Segawa mkono.

"Twende tukamwombee mkeo."

"Wapi?"

"Hapo. Tupite langoni, tupande ngazi, tuombe apatikane salama. Goti likiuma nitakushika."

Segawa alilitazama lango, akatazama chini.

"Siwezi."

"Mume amepotelewa na mke, na hawezi kumwombea?"

"Goti langu..."

"Achana na goti, Bwana Segawa. Kule juu hapakuwa na ngazi. Kyoto ulipanda mlima mzima. Jana asubuhi Hosodani ulipita, picha unayo mwenyewe. Jana mchana Nezu ukaparamia ukingo kama mbuzi. Kuna nini kilichotokea kati ya Hosodani na Nezu kinachokufanya leo usiweze kupita chini ya torii?"

Mvua ikaanza. Macho ya Segawa yalikuwa makavu kabisa.

"Unamlia nani?" aliuliza Kusunoki.

Segawa aligeuza uso asilione lango.

"Kama unamlia mtu, basi mfanyie kama inavyopasa. Umehesabu siku hamsini toka lini? Nani amemlowanisha midomo kwa maji ya mwisho? Nani amekaa naye usiku wa kwanza? Wewe ulilala kwenye nyumba ya watawa, ukawasha ubani mmoja, ukadhani umemaliza. Yeye kalala wapi?"

"Nyamaza," alisema Segawa, kwa sauti ndogo.

"Binti yenu alizuiwa kupita lango kwa ajili ya bibi yake. Leo anashuka kwenye treni, na hajui kama apite au asipite. Wewe ndiye unayejua. Utamwacha apite?"

Hilo ndilo lililompata. Segawa aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, na kikombe kikamwagika.

"Alinishukuru," alisema kwenye mbao. "Tulikaa kula matonge ya wali. Akapiga magoti kwenye majani, akainama kabisa, akasema asante kwa miaka yote. Mimi nikafurahi. Nikasema, na wewe asante. Kisha akasema tukirudi Kawagoe yeye hashuki kituo chetu. Karatasi za talaka ameshazipiga muhuri wake, uliobaki ni wangu. Safari nzima, Inspekta. Mahekalu yote, mipira ya pweza, yule paa. Alikuwa ananiaga, na mimi nilikuwa nampiga picha."

"Halafu?"

"Alisimama akageuka kufunga mkoba. Nilimsukuma. Si kwa nguvu."

"Wapi?"

"Nilimwita. Nilimwita sana. Hakuitika."

"Wapi, Bwana Segawa?"

"Kuna sanamu la jiwe la Jizo, mlinzi wa wasafiri, limevunjika kichwa, limevishwa kitambaa chekundu. Kona hiyo."

Simu mezani ilikuwa imeshasema "Tumesikia, afande," na baada ya hapo zikasikika sauti za watu wengi wakikimbia.

Kusunoki alikaa.

"Ulishuka kumtazama?"

"Hapashukiki."

"Ulipiga simu?"

Segawa aliifuta chai iliyomwagika kwa mkono wa shati.

"Simu unayo. Minara ipo, jana ulipiga picha ukamtumia Honoka. Hukupiga. Ukavaa mkoba wako, ukatembea, ukafika Nezu, ukaona torii, ukakumbuka adabu."

"Nisingeweza kupita," alisema Segawa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhakika. "Mke wangu amefariki."

Alilisema kwa heshima, kama mtu anayepokea rambirambi mlangoni, na Kusunoki alitamani kumpiga kofi.

Mvua ilikaza. Ngazi zikaanza kung'aa. Mwenye duka aliwasha taa ingawa ilikuwa mchana, akaizima tena alipoona hakuna anayeitaka. Kwenye simu kulisikika kamba, vyuma, mtu akiita jina la Chizuru, mtu mwingine akimwambia anyamaze asikilize. Halafu ikasikika mvua tu kwenye majani. Mkuu wa zimamoto alisikika akisema muda umekwisha. Tamaki alisikika akimwambia neno ambalo sajini hatakiwi kumwambia mkuu wa zimamoto.

Kusunoki aliitazama simu bila kupepesa. Alikuwa ameutoa mto na kuubadilisha na mlima, kwa sababu ya kiatu kilicholowa. Alijua akipewa maiti atakuwa amekuwa sahihi, na hakutaka kuwa sahihi.

"Afande." Ilikuwa sauti ya Tamaki, lakini haikufanana na yake. "Afande, upo?"

"Nipo."

"Kanasa kwenye mwerezi ulioanguka. Mguu umevunjika, na nadhani mbavu. Alijifunika majani usiku kucha. Yule kijana aliyeshuka na kamba alidhani... alimgusa midomo kwa kitambaa chenye maji. Akafumbua macho. Ameomba aongezewe maji, afande. Anakunywa."

Kusunoki alifumba macho, akayafumbua.

"Mwambie kwamba Honoka anakuja," alisema. "Mwambie hilo kwanza."

Akaizima simu. Segawa alikuwa amenyanyua kichwa. Maneno yote aliyasikia, lakini uso wake ulikuwa bado unayatafutia mahali pa kuyaweka.

"Yu hai," alisema Kusunoki. "Alikuwa hai ulipokuwa unaparamia ukingo wa Nezu. Alikuwa hai ulipowasha ubani. Pengine hata ulipomwita alikusikia, akaona afadhali asiitike."

Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa upande wa pili, kwenye maegesho ya hekalu, ndani ya lango, chini ya ngazi. Kusunoki alimfunga pingu, akamshika kiwiko, wakatoka mvuani. Walipolikaribia torii miguu ya Segawa ikafanya kama ilivyokwisha kuzoea. Ikakata kushoto, kuelekea kokoto.

Kusunoki akamrudisha.

"Huko siko, Bwana Segawa. Huna msiba. Pita."

Segawa alisimama chini ya ile boriti kubwa inayodondosha maji. Aliinua mguu, akaushusha pale pale ulipokuwa. Kisha goti lake, lile alilolisingizia tangu asubuhi, likamwishia nguvu kweli, na Inspekta ikabidi amshike kwa mikono miwili ili asianguke.